Alama Iliyovuka Mpaka

Tulimwacha Sadala Mhina, katibu wa kijiji cha Kwedizinga, amesimama mbele ya kaunta ya duka la Bwana Akber, Korogwe. Wiki nzima wewe msomaji umelima, umekula, umelala, umegombana na jirani, na yeye maskini bado amesimama palepale. Basi tumwonee huruma, tumsogeze kidogo.

Mbele yake ipo chupa ya asali. Kwenye chupa ipo alama: jicho moja, na chini yake mikato miwili. Alama hiyo huchongwa kwenye mizinga ya ukoo wa Mzee Mwinjuma wa Kwedizinga, na mzee mwenyewe alikiazimisha kijiji ili asali yote ya ujamaa iuzwe kwa alama moja. Handeni nzima, hata mtoto anayejifunza kutembea akiiona huramba midomo.

Ila chupa hii haikutoka Handeni. Imejazwa Mombasa, na kwa sheria ya Kenya mwenye alama ni mtu wa Mombasa. Akber alikuwa hajamaliza kusema hivyo, sauti ya kike ikatoka mlangoni nyuma ya Sadala:

"Katibu, mbona jasho?"

Alikuwa Mwanaidi. Binti wa Mzee Mwinjuma, mchumba wa Sadala. Sasa mmelielewa hilo jasho.

Akber hakupoteza muda. Alivua kofia yake akaifunika chupa. Kofia ikasimama juu ya kaunta kama kuna mtu mfupi chini yake anayesubiri kuhudumiwa.

Mwanaidi akatoa shikamoo, Akber akaitikia, akamwuliza hali ya baba. Binti akasema baba hajambo, ila hajala tangu jana. Kisha akatazama chini, maana alilotumwa lilikuwa zito kumwambia mtu aliyempa peremende tangu alipoota meno.

Mzigo wa asali wa kijiji, alisema, umezuiwa Mombasa. Wenye mji wamesema hiyo alama ina mwenyewe huko, na watu wa Kwedizinga ndio wezi.

"Sisi," alisema Mwanaidi. "Wezi wa alama yetu."

Kijiji kimekaa kikao. Kikao kikajiuliza: nani anayepeleka asali yetu Mombasa? Akber. Nani ana ndugu huko? Akber. Basi hesabu ikafungwa hapo, hata mwalimu wa hesabu hakuombwa. Kesho baada ya sala ya adhuhuri mzinga wake utashushwa unyolewe.

Wewe uliyekulia mjini ukidhani asali inatoka kwenye chupa, sogea nikueleze. Kwao Sadala mzinga hauna mlinzi wala kufuli. Kinachoulinda ni alama iliyochongwa ubavuni mwake kwa mkono wa mwenyewe. Ukipita msituni ukaiona alama ya mtu, hata kama njaa inakuuma, unapita. Na ole wake aibaye alama. Mzinga wake hushushwa mbele ya watu, na alama yake hunyolewa kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea, hadi mti wa mzinga uwe mweupe. Kuanzia hapo mzinga huo ni wa yeyote apitaye, na mtu mwenyewe hakuna wa kumuuzia wala kununua kwake.

Na Akber alikuwa na mzinga. Mwinjuma alimchongea yeye mwenyewe enzi za ujana wao, Akber alipokuwa akija kununua asali kwa baiskeli na kulala kwenye ngozi ya mbuzi. Alama yake ilifanana na mwavuli uliopinduliwa na upepo. Mtu akiingia dukani kununua chumvi, Akber humsimulia habari za mzinga huo hadi chumvi inayeyuka.

"Mwambie baba nitakuja," alisema Akber.

Hakuuliza kosa. Mwanaidi akasubiri kidogo, kama anayetaka aulizwe ili apate kukanusha. Kisha akasema anakwenda kushika nafasi kwenye basi, akatoka.

Kofia ikarudi kichwani. Chupa ikabaki uchi.

"Mzee," alisema Sadala, "wewe hujafanya kitu."

"Najua."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Nani hakwenda Nairobi, katibu? Mimi au wewe?"

Hapo sasa. Tukikumbuka ya nyuma, Sadala ndiye aliyetumwa na kijiji kuiandikisha alama, kwa kuwa alimaliza kidato cha nne na shati lake lina kola. Alikwenda Dar es Salaam akijua kabisa kwamba safari moja yatosha nchi tatu. Reli si ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki? Posta si ya Jumuiya? Ndege zinazopita juu ya vichwa vyetu si za Jumuiya? Basi na alama ya asali itakuwa ya Jumuiya. Karani wa ofisini alicheka hadi akavua miwani.

"Ndugu yangu, hapa umeandikisha Tanganyika," alimwambia. "Hata Zanzibar haimo. Kenya uende Nairobi, Uganda uende Kampala. Garimoshi litakuvusha wewe, alama yako halitaivusha."

Sadala alisikia. Alielewa. Alikusudia kusema hivyohivyo nyumbani. Lakini aliposhuka kwenye basi alikuta ngoma imepamba moto, akina mama wamejifunga vibwebwe, na Mwanaidi yuko mstari wa mbele. Mzee Mwinjuma akamshika mkono akamwuliza swali moja tu: "Na Mombasa?"

"Na Mombasa, mzee. Jumuiya ni moja."

Uongo mfupi, nauli yake ndefu. Akber alimwambia aende Nairobi kabla mtu mwingine hajamtangulia. Sadala akasema baada ya mavuno. Mavuno yakaisha akasema baada ya palizi. Palizi ikaisha akasema baada ya Idi. Idi iliisha pia, jamani, Idi nazo huisha.

"Nani ameiandikisha?" aliuliza Sadala.

Akber akaisukuma chupa upande wake.

"Nimeshauliza Mombasa, nimeshaambiwa. Jina hilo halitatoka mdomoni mwangu. Chukua chupa hii, mkifika darajani itupe Mto Pangani. Kesho ninyolewe mimi, mambo yaishe."

"Utafungiwa duka, mzee. Wataandika wilayani kwamba wewe mnyonyaji."

"Mgosi," alisema Akber taratibu, na kutoka kwake neno hilo la kwetu la kumwita mwanamume kwa heshima lilisikika kama salamu ya msibani, "wewe umenyamaza miezi yote hii bila kuombwa. Leo mimi nakuomba. Nyamaza."

Na hapa naomba usimchukie Sadala, au ukimchukia, mchukie polepole. Maana kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwake kilikuwa nafuu. Nafuu tamu, kama maji ya mtungi. Kosa lake limepata mchukuzi, tena mchukuzi amejitolea. Cha pili kilikuwa aibu ya kuonja nafuu hiyo, na hicho cha pili hakikuondoka. Kilipanda naye basi.

Ndani ya basi Mwanaidi alikuwa amemwekea nafasi ya dirishani. Sadala akaketi, mfuko magotini, chupa ndani ya mfuko. Akaitazama kwa kuibia. Mchapaji wa Mombasa, aliwaza, hata kazi hajui: jicho la alama halikutazama mbele, lilitazama pembeni.

Walipokaribia daraja la Pangani akafungua dirisha, akatoa mkono na mfuko.

"Kijana, unataka kutapika?" aliuliza mama mmoja aliyepanda na kikapu chake Mombo. "Toa kichwa, usitoe mkono. Kutapika kwa kichwa."

Basi zima likageuka kumtazama. Kondakta akaja na ushauri, mzee mmoja akaja na ndimu. Sadala akarudisha mfuko ndani, akanyonya ndimu ambayo hakuihitaji, na mto ukapita.

"Unaumwa?" aliuliza Mwanaidi.

"Tumbo."

"Hata baba anasema ni tumbo. Si tumbo." Walipopinda Segera kushika njia ya Handeni, akamalizia: "Ni alama. Hiyo tu ndiyo kumbukumbu aliyobaki nayo ya kaka Shida."

Sadala alimjua Shida kwa kusikia tu. Mtoto pekee wa kiume wa Mzee Mwinjuma, aliyekorofishana na baba yake akaenda kufanya kazi relini Mombasa, akakaa huko hadi watu wakaacha kuuliza anarudi lini. Lakini mzee alimwachia mzinga. Kila msimu mizinga yote hurinwa, ule wa Shida haurinwi. Nyuki wamejaa humo hadi mlangoni, na mzee husema mwenyewe akija atakuta alama yake mahali pake.

"Ile ya mzinga wake Shida aliichonga mwenyewe alipokuwa mdogo," alisema Mwanaidi, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Alitumia mkono wa kushoto. Baba akampiga, akashika wa kulia, baba akigeuka anarudia wa kushoto. Basi jicho lake likatoka linatazama pembeni, kama mwanafunzi anayeibia mtihani."

Sadala akacheka kwa adabu. Alikuwa na mambo yake kichwani. Ndiyo, msomaji, mimi pia ningempiga kofi, lakini mtu mwenye hatia husikia sauti moja tu, nayo ni ya kwake.

Kesho yake uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Waliokuja kwa hasira walikuwa wengi, waliokuja kwa udaku walikuwa wengi zaidi. Akber aliwasili peke yake kwa gari lake dogo la mizigo, kanzu safi, uso kama wa bwana harusi aliyeozeshwa kwa nguvu. Akamwamkia kila aliyestahili. Wengine waliitikia kwa mazoea, wakajiuma ulimi.

Mzinga wake ulikuwa umelazwa juu ya magogo mawili, umeshafukizwa moshi, mtupu. Mwavuli uliopinduliwa na upepo ulitazama juu. Mzee Mwinjuma alikuwa amekaa karibu nao, tezo kwenye mapaja. Yeye na Akber walitazamana mara moja, kisha kila mmoja akatafuta pengine pa kutazama.

Mwenyekiti wa kijiji, Abdi, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, akasimulia kosa. Akasema wanyonyaji wana mikono mirefu, mmoja uko Korogwe na mwingine uko Mombasa. Watu wakapiga makofi. Akamwuliza Akber ana la kusema. Akber akasema hana.

Hapo Mzee Mwinjuma akasimama.

"Nani anaweka mkono?"

Hii ndiyo sehemu ambayo Sadala alikuwa ameisahau. Alama hainyolewi hewani. Anayeshitaki huweka kiganja chake juu ya mti wa mzinga, kando kabisa ya alama, na tezo hupita karibu na vidole vyake hadi maranda ya mti yanamwangukia. Kwetu husemwa kwamba mdomo husema kitu na kukikana, lakini mkono ukiwekwa pale, umewekwa.

Wale wa makofi walikuwa wakiitazama mikono yao kana kwamba wameiazima.

"Katibu aweke," alisema Abdi. "Ndiye aliyetuandikishia Mombasa. Yeye ndiye anayejua kwamba tuliibiwa."

Kukawa na sauti za kukubali. Sadala akasukumwa kwa upole, kama bwana harusi wa pili. Akajikuta amepiga magoti kando ya mzinga. Mzee Mwinjuma alikuwa juu yake, tezo mkononi. Akber alikuwa upande wa pili, akimtazama Sadala, akitikisa kichwa kidogo sana. Nyamaza.

Sadala akaunyanyua mkono. Ukafika nusu ya njia. Ukagoma.

"Siweki," alisema.

Abdi akauliza kwa nini.

"Kwa sababu hakuiba. Mimi sikuiandikisha Mombasa."

Ikambidi aendelee, na kuendelea ndiko kuliko kugumu. Akaeleza habari za karani na miwani yake. Akaeleza kwamba alama ilikuwa wazi huko ng'ambo ya mpaka kama mzinga usiochongwa, na kwamba Akber alimhimiza, na kwamba yeye alisema baada ya palizi. Alisema yote akiutazama mti. Alipomaliza, sauti iliyomjibu haikuwa ya mzee wala ya mwenyekiti.

"Mimi nilicheza ngoma siku ile, Sadala," alisema Mwanaidi.

Afadhali angemtukana.

Abdi sasa alikuwa na shida ya kuikunja hotuba yake na kuirudisha mfukoni. Akasema vizuri, sawa, katibu tutamshughulikia, lakini mwizi bado yupo, na je, kuna ushahidi gani kwamba huko Mombasa si Akber? Wachache wakaguna kuunga mkono, maana walikuwa wametembea mbali kuja kuona alama ikinyolewa.

Na Sadala, ambaye sasa alikuwa ameonja kusema kweli na akadhani kweli ikisemwa haina madhara, akaingiza mkono kwenye mfuko wa jana, aliokuja nao.

"Chupa yenyewe hii," alisema. "Tazameni wenyewe. Hii si kazi ya Akber."

"Katibu," alisema Akber, "usi—"

Alichelewa. Chupa ilikuwa tayari mikononi mwa Mzee Mwinjuma.

Mzee aliielekeza kwenye jua. Asali ikawaka. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, kama watu wa umri wake wanavyofanya. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya jicho, lile jicho ambalo mchapaji wa Mombasa hakulikosea hata kidogo. Alilichapa kama alivyopewa na mwenyewe.

Lilitazama pembeni.

"Mkono wa kushoto," alisema mzee.

Mwanaidi akaziba mdomo. Ndipo Sadala akaelewa, na alipoelewa alitamani mama wa Mombo arudi na ndimu yake. Akber alikuwa hajifichi. Alikuwa amesimama mbele ya rafiki yake ili asione kilicho nyuma.

"Nilikuambia uitupe," alisema Akber, bila hasira. Hilo ndilo lililomchoma Sadala zaidi.

Mzee akamwuliza Akber kama alijua. Akber akakubali. Ilimbidi aseme na yaliyobaki: Shida alisikia huko relini kwamba baba yake ameigawa alama ya ukoo kwa kijiji kizima bila hata kumpelekea salamu. Akakwenda Nairobi kuulizia. Akakuta hakuna aliyeiandikisha. Akasema, basi, kule wameigawana, huku itabaki yangu.

"Angeikuta imeshaandikishwa," mzee aliuliza, "angefanya nini?"

Jibu kila mtu alilijua. Angenung'unika, angerudi kazini, angebaki mtoto aliyenuna. Safari moja ya katibu, kabla ya palizi, na leo pasingekuwa na mwizi.

Mzee Mwinjuma akamrudishia Akber mzinga wake. Aliuinua mwenyewe upande mmoja, Akber akashika wa pili, wakauweka kwenye gari pamoja kama watu wanaobeba mgonjwa. Kisha mzee akaliokota tezo, na kwa sauti ya kuagiza maji ya kunywa akasema ushushwe mzinga wa Shida.

Watu walidhani wamesikia vibaya. Akarudia.

Wanaume wakaenda wakarudi wameubeba kwa kamba na mti begani. Haukufukizwa, maana hakuna aliyethubutu kuufungua. Ulikuwa mzito, na ulikuwa ukinguruma kwa ndani. Wakauweka juu ya magogo, wakarudi nyuma haraka. Alama ilikuwa pale, iliyochongwa na mtoto, jicho linaloibia mtihani.

Mwanaidi akamwambia baba yake kwamba Shida ni mwanawe. Mzee akasema ndiyo, ndiyo maana. Kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine angesamehe, lakini tangu jana alikuwa tayari kumnyoa rafiki yake kwa kosa hilohilo. Atalinganisha vipi?

Alama ikinyolewa, Shida hana mzinga. Akiwa hana mzinga, hana pa kurudi.

"Nani anaweka mkono?" aliuliza mzee.

Uwanja mzima ukamgeukia mtu mmoja. Yeye ndiye aliyeitoa chupa. Yeye ndiye aliyesema. Kwa desturi, sasa mshitaki wa Shida ni Sadala, apende asipende.

"Katibu," alisema Mzee Mwinjuma. "Uliniambia na Mombasa. Weka mkono."

Sadala akapiga magoti kwa mara ya pili siku hiyo. Nyuki wawili watatu walikuwa wameshatoka mlangoni, wanamzunguka masikio. Akaunyanyua mkono wa kulia, na safari hii haukugoma.

Lakini hakuuweka kando.

Aliuweka juu. Kiganja chote, vidole vimetandazwa, jicho na mikato yake miwili vikafunikwa visionekane.

"Hapo sipo," alisema mzee. "Sogeza."

"Kosa limeanzia kwangu, mzee," alisema Sadala. "Tezo nalo lianzie kwangu."

Mwanaidi alimwita baba yake. Akber alianza kukimbia kutoka kwenye gari, ameikusanya kanzu mkononi isimkwaze. Ngurumo ya mzinga ikapanda. Mzee Mwinjuma akamtazama kijana aliyemdanganya siku ya ngoma, akautazama mkono wake, akaitazama chupa ya mwanawe iliyosimama mchangani.

Kisha akalinyanyua tezo, kwa mikono yote miwili.

Na Sadala akafumba macho, mkono palepale.